Usingizi wa Baharia ni Amana ya Nyumba



Dada yetu mmoja wa Gatwekera, Kibera, ametulalamikia kwamba mumewe, baharia wa meli ya mizigo, hapokei simu usiku, na akipokea hujibu kwa ukali. Adhani penzi limepoa. Sisi twamwomba ahesabu saa kwanza.

Melini, zamu nyingi ni saa 4 kazini na saa 8 nje, mchana na usiku. Ndani ya saa hizo 8 mtu hula, huswali, hufua, na pengine huitwa kwa kazi nyingine. Mtambo wanguruma, chombo chayumba. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 wataka apumzike si chini ya saa 10 katika kila saa 24. Zikigawanywa, kipande kimoja kisipungue saa 6. Nawe, dada, ulalaye chini ya bati, ukuta mmoja na jirani, wajua asubuhi ya aliyelala vipande vipande ilivyo nzito. Hasira huwa karibu, moyo huelemewa, na mkono hukosea penye mashine.

Basi muulize zamu zake, uziandike. Habari za kodi na karo mpe akiwa ameamka, si akielekea kulala. Akisema ana hofu, usimwambie mwanamume halii; msikilize. Akizidi kunyamaza au kukata tamaa, mhimize amweleze nahodha na atafute daktari.

Mwenyezi Mungu ameujaalia usingizi kuwa raha ya waja wake. Tusiwe sisi wa kuukata.

Wabillahi tawfiq.