Malezi Yetu: Lawama Haimlei Mtoto



Jirani yangu mmoja huamka kabla ya jogoo wa kwanza. Mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 7, ana usonji. Mtoto huyu hanywi uji ila katika kikombe kimoja cha bati cha rangi ya buluu; siku kilipopotea alilia mpaka adhuhuri. Njia ya kwenda shuleni haina budi kuwa ile ile ya jana. Honi ya daladala humfanya azibe masikio na kujitupa chini. Usiku mlango hutiwa komeo la juu, kwani huweza kutoka bila kuaga, na akiulizwa jina lake hajibu.

Kazi hiyo mama ameizoea. Kinachomchosha ni ndimi za watu. Wakwe wasema mtoto karogwa. Majirani wasema hakufunzwa adabu. Baba naye akaanza kurudi nyumbani usiku wa manane.

Lawama za namna hii si za kwetu peke yetu. Daktari Leo Kanner alipoueleza usonji huko Marekani mwaka 1943, haikuchukua muda wataalamu wengine wakadai kwamba chanzo chake ni mama asiye na upendo. Aliyesimama kuipinga hoja hiyo kwa kitabu, mwaka 1964, alikuwa Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji. Leo yajulikana wazi kwamba usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo, na kwamba urithi una sehemu kubwa ndani yake. Si uchawi, wala si malezi mabaya.

Basi, akina baba, tufanye nini? Tushike zamu. Baba amwogeshe mtoto jioni, mama apate kupumzika. Mtoto aelezwe mapema, kwa picha ikibidi, jambo litakalofuata. Majirani waonyeshwe mtoto na wajue jina lake, ili akipotea wamrudishe kwao. Na mtoto anayechelewa kusema apelekwe kliniki mapema, asifichwe chumbani.

Jirani yangu ameniambia kwamba siku hizi mumewe ndiye ampelekaye mtoto shuleni, kwa njia ile ile. Mama hupata saa moja ya kulala. Saa hiyo moja, ndugu zangu, imeiokoa nyumba.