Dhamana Isiwe Kichaka cha Wauzaji Magari

Ipo kauli moja ambayo wauzaji wa magari wameikariri kama watoto wa shule wanavyokariri jedwali la kuzidisha: "Dhamana imekwisha." Husemwa kwa upole, mara nyingi na kijana aliyefunga tai, nyuma ya meza ya kioo, naye akishaisema huona kazi yake imekamilika. Mnunuzi, ambaye aghalabu ni mtumishi aliyekopa ili apate gari, huinamisha kichwa na kwenda kutafuta fedha za injini nyingine. Makala haya yanakusudia kusema kwamba kauli hiyo ni nusu tu ya ukweli, na kwamba nusu ya pili hunyamaziwa makusudi.

Ninaye rafiki, mkaguzi wa shule mkoani Iringa. Alinunua gari dogo, jipya, si la mtumba, kwa mkopo wa chama cha kuweka na kukopa. Akapewa dhamana ya miaka 3 au kilometa 100,000, lolote litakalotangulia. Kila baada ya kilometa 5,000 alilipeleka gari kwa mwuzaji yule yule kufanyiwa sevisi, kwani alikwisha kuonywa kwamba akithubutu kwenda kwa fundi wa mtaani dhamana itavunjika. Siku ya 38 baada ya miaka hiyo mitatu kwisha, gari likiwa limetembea kilometa 64,000, alikuwa akipanda Mlima Kitonga akirejea nyumbani. Akasikia mlio kama wa mtu anayegonga bati kwa nyundo ndogo. Taa nyekundu ya oili ikawaka. Kabla hajapata pa kuegesha, injini ilikamata na kuzima, kanyagio la breki likawa gumu, na nyuma yake lilikuwapo lori la shehena. Wanaoijua Kitonga, na kona zake na korongo lililo pembeni, hawahitaji kuelezwa zaidi. Alilishikilia gari kwa breki ya mkono mpaka utingo wa lori lile alipokuja na jiwe.

Fundi alipoifungua injini alikuta beringi za konrodi zimesagika, na oili imejaa chembe za chuma zinazong'aa juani. Injini ilikuwa imenoki, kama mafundi wasemavyo. Oili yenyewe ilikuwapo ya kutosha. Rafiki yangu alipokwenda kwa mwuzaji na habari hizo, alijibiwa ile kauli.

Sasa na tuulizane, ndugu msomaji. Ni kitu gani kilichobadilika katika siku hizo 38? Chuma hakisomi kalenda. Beringi ya injini iliyotengenezwa sawasawa na kutunzwa sawasawa haifi kwa kilometa 64,000. Magari ya umri wa miaka ishirini yanayobeba abiria katika miji yetu ni ushahidi wa kutosha. Basi kasoro iliyoiua injini ile ama ilikuwamo tangu siku ile mnunuzi alipokabidhiwa ufunguo, ama iliingizwa na mikono ya mwuzaji katika zile sevisi alizolazimisha zifanyike kwake. Katika hali zote mbili mwenye gari hana hatia. Lakini ndiye anayelipa.

Wako wanaoamini kwamba watengenezaji huficha ndani ya injini kitu kama saa, ili life mara dhamana ikwishapo. Siwacheki, kwani historia imewapa sababu. Mwaka 1924 wenye viwanda vikubwa vya taa za umeme walikutana Geneva wakaunda umoja, na umoja huo ulipanga kwamba balbu isidumu zaidi ya saa 1,000. Aliyetengeneza ya kudumu zaidi alitozwa faini na wenzake. Hata hivyo kwa injini sidai hivyo. Jambo lenyewe ni la kawaida zaidi, na kwa sababu hiyo ni baya zaidi. Dhamana ni hesabu. Mtengenezaji hukadiria ni injini ngapi zitakufa mwaka wa kwanza, ngapi wa pili, ngapi wa tatu, kisha huchora mstari mahali ambapo gharama yake inaanza kumkera. Upande wa huku wa mstari hulipa yeye, upande wa pili hulipa wewe. Mstari huo hausemi lolote juu ya nani mwenye kosa. Ni mpaka wa mfuko wake, naye anatutaka tuuheshimu kana kwamba ni mpaka wa haki.

Tuchukue mfano ambao umekwisha kuthibitishwa hadharani, tena katika nchi ambayo inajisifu kwa sheria zake za biashara. Huko Marekani, kuanzia magari ya mwaka 2011, kampuni ya Hyundai iliuza Sonata zenye injini iitwayo Theta II, nyingi zikiwa zimetengenezwa Alabama. Baada ya miaka michache zikaanza kugonga, kisha kuzima katikati ya barabara kuu, na nyingine kushika moto. Kwa mnunuzi wa kwanza dhamana ya injini ilikuwa miaka 10 au maili 100,000, yaani kama kilometa 160,000. Kwa aliyelinunua gari hilo mkononi mwa mwingine ilikuwa miaka 5 au maili 60,000 tu. Angalia jambo hilo vizuri. Injini ni ile ile na kasoro ni ile ile, lakini jina la mwenye gari likibadilika katika kadi, wajibu wa kampuni unakatwa karibu nusu! Maelfu ya watu waliangukia katika pengo hilo, kila mmoja akiwa peke yake mbele ya kaunta, kila mmoja akidhani bahati yake ndiyo mbaya.

Mwezi Septemba 2015 kampuni iliyaita magari yapatayo 470,000 yarudishwe kukaguliwa. Ikaeleza kwamba mabaki ya chuma ya kiwandani yaliweza kubakia katika matundu yanayopitisha oili ndani ya krankishafti, na hivyo kuzinyima beringi za konrodi oili. Mwaka 2017 yakaitwa mengine kama milioni 1.2, ya Hyundai pamoja na ndugu yake Kia. Je, ni ukarimu ulioleta hayo? La hasha. Malalamiko ya wenye magari yalikuwa yamerundikana katika daftari la mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, ambamo kila mwananchi huweza kuandikisha na kusoma. Tena mwaka 2016 mhandisi wa kampuni yenyewe, Kim Gwang-ho, alichukua nyaraka za ndani akazipeleka kwa mamlaka hiyo. Alifukuzwa kazi mwaka huo huo. Novemba 2020 mamlaka ilisema kampuni hizo mbili zilichelewa kuyaita magari milioni 1.6, zikaafikiana nayo adhabu ya dola milioni 210: Hyundai 140 na Kia 70, ingawa kilichotakiwa kulipwa papo hapo hakikufika hata nusu. Mwaka uliofuata mhandisi aliyefukuzwa alizawadiwa zaidi ya dola milioni 24. Kabla ya hapo, Oktoba 2019, baada ya kufikishwa mahakamani na wenye magari, kampuni zilitangaza dhamana ya maisha kwa sehemu ya chini ya injini zile.

Dhamana ya maisha! Ile iliyokuwa "imekwisha" ilifufuka. Hakuna beringi hata moja iliyobadilika tabia kati ya 2015 na 2019. Kilichobadilika ni kwamba walalamikaji waliacha kulia mmoja mmoja.

Sisi tunayo silaha gani? Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, tuliyoirithi kutoka kwa Waingereza ikiwa na sura ya sheria yao ya mwaka 1893, inatambua kwamba bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa hiyo yapasa iwe na ubora unaofaa kuuzwa na ifae kwa kazi yake, hata kama hakuna aliyelitamka jambo hilo. Dhamana ya karatasi ni nyongeza juu ya hilo. Kasoro ya sheria ile ni kwamba masharti hayo huweza kuondolewa kwa makubaliano, ndiyo maana mikataba huandikwa kwa herufi za kusomwa na mchwa. Waingereza wenyewe wamekwisha kusonga mbele: sheria yao ya walaji ya mwaka 2015 inataja kwa jina kwamba bidhaa idumu. Australia nako, tangu 2011, haki ya mnunuzi kupata kitu cha kudumu haifi kwa sababu dhamana ya mtengenezaji imepita. Hapa petu ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, yenye masharti ya kumlinda mlaji, na ipo Tume ya Ushindani. Lakini tume haiwezi kushughulikia manung'uniko yanayoishia katika vijiwe vya kahawa.

Hapo ndipo nasi tunapostahili lawama. Mwalimu anayemrudishia mwanafunzi daftari kwa kukosa tarehe, mwenyewe hana risiti hata moja ya sevisi. Ni kweli pia kwamba injini nyingi zilizolala katika gereji zetu ziliuawa na wenyewe, kwa oili iliyogeuka lami na kwa ile tabia ya kuona taa nyekundu ikiwaka na kusema "nitafika tu." Mtu wa namna hiyo hana la kudai. Lakini aliyetunza na adai, na aanze mapema: asikubali mwuzaji aifungue injini peke yake bila fundi mwingine kushuhudia, oili aikinge katika chupa safi, vyuma vilivyosagika avichukue yeye, kwani huo ndio ushahidi, navyo vikishatupwa hubakia neno lake dhidi ya neno la mwenye tai. Aandike barua, si kupiga simu. Adai ipelekwe kwa mtengenezaji, maana kampuni nyingi za magari zina utaratibu, usiotangazwa, wa kuchangia gharama za gari lililopita mpaka wa dhamana kwa muda mfupi ikiwa sevisi zake zimekamilika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga walisema hayo kabla ya injini kuvumbuliwa.

Neno moja kwa maafisa ugavi na wajumbe wa kamati za manunuzi. Ninyi hamnunui gari moja kwa mkopo. Mnanunua kumi, kwa fedha za umma, na mwuzaji anawahitaji kuliko mnavyomhitaji. Kwa nini basi mnapokea fomu ile ile ya dhamana anayopewa mkaguzi wa shule? Andikeni katika mkataba kwamba injini ikifa kwa kasoro ya kiwandani mwuzaji atawajibika, tarehe iwe imepita au haijapita. Akikataa, mtakuwa mmekwisha kujua anavyoiamini injini yake.

Rafiki yangu aliandika barua tatu. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa sentensi moja, ile tunayoijua. Ya tatu ilikuwa na picha za beringi, nakala za risiti 12 za sevisi, taarifa ya fundi, na nakala yake ilikwenda Tume ya Ushindani. Aliipeleka mwenyewe, akasimama pale kaunta mpaka ikagongwa mhuri wa kupokelewa. Baada ya siku tisa alipigiwa simu kuulizwa kama vile vyuma bado anavyo. Anavyo, katika ndoo ya plastiki, chini ya kitanda.