Malazi ya Mtoto Si Mabaki ya Wakubwa

Katika nyumba zetu za pwani, hapana chumba kitandikwacho vizuri kama cha mgeni. Shuka zimepigwa pasi, foronya zimedariziwa, na mfarishi uliotoka Arabuni umekunjwa upande wa miguuni. Sina neno na hilo, kwani kumkirimu mgeni ni katika dini yetu. Neno langu ni juu ya chumba cha pili, kile cha watoto.

Humo mara nyingi nimekuta godoro lililoondolewa kitandani kwa baba baada ya kubonyea katikati. Juu yake hulala watoto watatu au wanne, wa kiume na wa kike, wakigombania shuka moja. Mgeni huja mara mbili kwa mwaka. Mtoto hulala hapo kila usiku. Je, msomaji, ni nani mwenye haki zaidi?

Wako wanaosema shida ni pesa. Lakini hao hao huenda dukani wakanunua blanketi zito la nailoni kwa kuwa lina picha za katuni. Kuhusu picha za viumbe, masheikh wana maneno yao, nami sitaingia humo. Mimi nauliza tu: blanketi hilo ni la nini Mombasa, katika joto la kaskazi? Mtoto hutoka jasho, akalitupa chini, akabaki wazi kwa mbu. Shuka nyepesi ya pamba, au leso kuukuu iliyolainika, yamtosha.

Tuje kwenye godoro. Wazee wetu walijaza sufi, na asiyeweza alijaza usumba. Sufi ni nyepesi, hainywi maji upesi kama pamba, na ikishikana huweza kutolewa, ikachambuliwa, ikaanikwa juani na kurudishwa. Siku hizi sponji ndiyo iliyoenea, nayo si mbaya ikiwa ngumu kiasi. Lakini chagua godoro ambalo kitambaa chake chavulika kikafuliwa, na chini ya shuka utie mpira au nailoni. Mtoto mdogo hukojoa, na kumtukana hakusaidii. Godoro lililokunywa mkojo mwaka mzima hunuka, na katika nyumba ya watu wanaoswali hilo ni taabu kubwa.

Mtoto mchanga ana mambo yake. Twapenda kumzungushia vito laini apendeze. Madaktari wanashauri alazwe chali, juu ya godoro gumu lililo sawa, bila mto wala kitu laini karibu na uso wake kiwezacho kumziba pumzi.

Na kabla ya hayo yote, chandarua. Uchunguzi uliofanywa Kilifi kati ya 1993 na 1995 ulionyesha kuwa vyandarua vilivyotiwa dawa vilipunguza vifo vya watoto wadogo kwa asilimia 33 hivi. Hayo yalionekana hapa hapa petu, si ng'ambo. Hata alalaye mkekani atundikiwe chake, na pindo zichomekwe chini.

Lililobaki ni zito zaidi. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwaamrisha watoto kuswali wafikapo miaka 7, na kuwatenganisha katika malazi wafikapo miaka 10. La kwanza twalishika. La pili twalifumbia macho kwa kisingizio kuwa nyumba ni ndogo. Amri hii haidai samadari ya bei kubwa. Kitanda cha kamba kwa mmoja, mkeka na godoro jembamba kwa mwingine, kila mtu na shuka yake, na pazia la leso kati ya wavulana na wasichana. Chumba kimoja chaweza kuwa viwili.

Basi mzazi, ukiwa na kidogo, anza na chandarua, kisha malazi mbalimbali, kisha godoro imara na shuka za pamba. Katuni zingoje. Na ikiwa nyumbani mna godoro moja tu zuri, lihamishie kwa watoto. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mwenyeji huyo ni pamoja na mtoto wako.