Gari la umeme la mtumba lipimwe sumaku pia

Anayetafuta Nissan Leaf ya mtumba jijini Nairobi huuliza kwanza betri imebaki na uwezo kiasi gani, na ana haki. Lakini mota ya gari hilo ina sumaku za kudumu ndani ya rota, sehemu inayozunguka, nazo zinaweza kudhoofika, ila hizo haziulizwi. Ukaguzi unaopima betri na kuiacha mota naona ni nusu ukaguzi.

Adui wa sumaku ni joto, na joto lenyewe huzaliwa ndani ya mota. Kadiri rota inavyokwenda kasi, ndivyo usumaku wa chuma cha mota unavyogeuka mara nyingi zaidi kwa sekunde, na mikondo ya umeme inayozuka ndani ya chuma hicho hula nishati. Mengine yakibaki vilevile, kasi ikiongezeka maradufu hasara hiyo huwa mara nne. Hata sumaku zenyewe hazisalimiki, kwa kuwa hutengenezwa kwa neodimi iliyochanganywa na chuma, na mchanganyiko huo hupitisha umeme. Sumaku ya aina hii hupoteza takriban asilimia 0.1 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya joto, na ikipoa nguvu hiyo hurudi. Hatari iko kwingine. Uwezo wake wa kuhimili msukumo kinyume kutoka kwenye steta, sehemu ya mota isiyozunguka, hushuka kwa kasi zaidi, kupita nusu asilimia kwa kila nyuzi, na mpaka ukivukwa, nguvu iliyopotea hairudi mpaka sumaku itiwe usumaku upya. Tuseme imepungua kwa asilimia 10: mota inayotegemea sumaku peke yake itavuta mkondo zaidi kwa asilimia 11 ili kutoa nguvu ileile ya kuzungusha magurudumu, na joto la nyaya za shaba litapanda kwa asilimia 23 hivi. Sehemu ya joto hilo nayo hufika kwenye sumaku ileile iliyokwisha kudhoofika.

Wahandisi watajibu kwamba kompyuta ya gari hupunguza nguvu mota ikipata moto. Ni kweli, ila kihisi joto kwa kawaida hukaa kwenye steta. Joto la sumaku hukadiriwa tu. Watasema pia kwamba watengenezaji makini huacha nafasi ya usalama. Hapo nakubali, na mota nyingi zitamaliza umri wake bila tatizo. Lakini nafasi hiyo mara nyingi hununuliwa kwa kuongeza disprosi kwenye sumaku ili zihimili joto, madini ambayo China, mzalishaji mkuu, iliyawekea masharti ya kuuzwa nje Aprili 2025, na viwanda vinahangaika kuipunguza. Renault kwenye gari lake la Zoe ilikwepa sumaku kabisa, ikaweka koili ndani ya rota.

Kipimo chenyewe si kigumu kwa fundi aliyefunzwa umeme wa volti kubwa: rota huzungushwa kwa kasi inayojulikana bila kupewa umeme, kisha hupimwa volti inazozalisha kati ya nyaya zake tatu. Zikiwa pungufu kuliko za mota mpya katika joto lilelile, sumaku imedhoofika. Kinachokwamisha ni takwimu ya mota mpya, ambayo mara nyingi haipo kwenye vitabu vya mnunuzi. KEBS, shirika la viwango la Kenya, linalotaka magari ya mtumba yakaguliwe kabla hayajapakiwa melini, lina uwezo wa kuidai.