Furaha ya kuhama isimsahau mtoto

Barua ya kazi ifikapo nyumbani, hasa kazi ya mbali yenye mshahara wa kutegemewa, nyumba nzima hutulia ikisomwa, kisha vigelegele vikafuata. Mama huanza kutenga vyombo vya kubeba na vya kuwagawia majirani. Watoto nao huuliza iwapo huko waendako kuna mto, bahari au ngamia. Furaha hiyo ni halali. Katika nchi ambamo vijana wengi huhitimu kisha wakakaa miaka wakingoja ajira, hapana awezaye kumlaumu mtu kwa kufunga virago akicheka.

Hata hivyo, nina neno kwa wazazi na walimu wenzangu. Katika msafara huo yumo mtu ambaye hakuomba kazi wala hakuulizwa kama yu radhi kuhama, naye ndiye atakayeanza upya kuliko wote. Huyo ni mtoto wa shule. Mzazi huwasili akiwa na barua mkononi na watu wanaomtarajia kazini. Mtoto huwasili akiwa amevaa sare isiyofanana na ya mtu yeyote. Wahenga walinena kuwa mgeni ni kuku mweupe, na hakuna mahali ambapo weupe huo huonekana upesi kama uwanjani mwa shule.

Tumtazame mwalimu wa kutoka Kakamega anayepelekwa kufundisha katika kijiji nje ya Lodwar. Safari za namna hii si ngeni. Kuanzia 2018, Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) iliwahamisha walimu wengi mbali na maeneo yao ya nyumbani, hata malalamiko yakafika Bungeni. Katika mjadala huo tulisikia mengi juu ya waume na wake waliotenganishwa. Juu ya masomo ya watoto waliofuatana nao tulisikia machache mno.

Tuseme mtoto wa mwalimu huyo yumo katika Gredi ya Pili. Tangu Ripoti ya Gachathi ya 1976, sera yetu imekuwa kwamba katika madarasa matatu ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo iliko shule. Ni sera yenye hekima, kwa kuwa mtoto huelewa upesi kwa lugha ya nyumbani. Lakini sera hiyo humchukulia mtoto kana kwamba hahami. Yule aliyekuwa akiinua mkono kila siku sasa anasikiliza Kiturkana asichokijua. Hunyamaza, na kimya chake huchukuliwa kuwa ni ujinga. Darasani nimewaona wageni wa aina hii wakiketi nyuma wiki baada ya wiki, si kwa kukosa akili, bali kwa kukosa wa kuwafungulia mlango.

Yafaa tufanye nini? Mzazi, ikiwa tarehe ya kuanza kazi yaruhusu, uhamishe familia wakati wa likizo wala si katikati ya muhula. Najua watakaonijibu kuwa mwajiri hangoji, na kwamba kodi ya nyumba mbili haibebeki. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo sababu mwajiri pia hana budi kushiriki. Anayemhamisha mtumishi mwenye watoto na afuate kalenda ya shule kila inapowezekana. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 chasema wazi kuwa maslahi ya mtoto yapewe uzito wa kwanza katika kila jambo linalomhusu. Uhamisho wa mzazi ni jambo linalomhusu.

Nasi walimu tunayo daraja tayari, nayo ni Kiswahili. Tusingoje mgeni ajifunze lugha ya kijiji ndipo tumsemeshe. Tumweleze somo kwa lugha ya taifa, tumketishe karibu na mwenzake mwenye moyo wa kusaidia, na tusimpime akili kabla ya kumpa muda wa kuzoea. Mzazi ambaye hajapata fedha za sare mpya avumiliwe, maana gharama za safari humaliza mshahara wa kwanza kabla haujapokelewa.

Nanyi wanafunzi, msiicheke lafudhi ya mgeni wenu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huenda mtoto huyo amekuja na hadithi, michezo na maneno ambayo darasa lenu halijapata kuyasikia. Mwulizeni jina lake, mwonyesheni mahali pa kunywa maji, na mmwite mchezoni kabla hajaomba. Mzazi wake amepata kazi. Ni juu yenu kumpa yeye marafiki.