Yule Aliyeuawa Pamoja na Bwana Twitty

Tarehe 1 Aprili 1775, Daniel Boone alimwandikia mwajiri wake barua kutoka msituni Kentucky. Alikuwa na wanaume kama 30 wenye mashoka, wakifyeka njia ya kuwapitisha walowezi kutoka Cumberland Gap kuelekea magharibi. Akaripoti kwamba wiki moja kabla, alfajiri, wenyeji waliishambulia kambi yao. Waliouawa: Bwana Twitty na Mweusi wake. Aliyejeruhiwa vibaya: Bwana Walker.

Hesabu tena. Watu watatu, majina mawili.

Kwani yule wa pili hakuwa na jina? Alikuwa nalo. Simulizi nyingine za safari hiyo zinamwita Sam. Lakini Sam mwana wa nani? Aliacha watoto wapi? Hapo karatasi zinanyamaza ghafla, karatasi zilezile ambazo zitakuambia baba yake Boone alizaliwa wapi kule Devon, Uingereza, na alioa nani alipofika Pennsylvania.

Wamarekani wanapenda nasaba kupita kiasi. Mtu atatumia likizo yake nzima kwenye ghala la nyaraka la kaunti akitafuta babu aliyefika Kentucky au Tennessee na shoka, bunduki na ng'ombe mmoja. Sina neno na mapenzi hayo. Hata sisi tunapenda kujua tulikotoka. Shida yangu ni jinsi hao jamaa wanavyoyasoma wanayoyapata. Mti wa ukoo wa mlowezi, ukiuchunguza vizuri, ni rejista ya mali iliyovalishwa nguo za Jumapili.

Angalia unavyotengenezwa. Unaanza na hati ya ardhi, kwa sababu ardhi ndiyo iliyofanya karani aandike jina lako. Halafu orodha ya kodi. Halafu faili ya pensheni ya vita vya uhuru, Biblia ya familia yenye tarehe za kuzaliwa na kufa, na mwisho wasia. Palipo na mali pana wino. Hata kama mali hiyo iliponyoka baadaye: Boone mwenyewe alidai maelfu na maelfu ya ekari Kentucky, akazipoteza karibu zote kwa sababu ya vipimo vilivyogongana na hati mbovu, na mwaka 1799 akahamia Missouri. Alipoteza shamba, jina likabaki.

Halafu kuna hili neno "kwanza". Tennessee kuna programu inaitwa First Families of Tennessee: ukithibitisha kwamba babu yako alikuwa huko kabla eneo hilo halijawa jimbo mwaka 1796, au mwaka huohuo, unapewa cheti. Familia za kwanza! Si Wacherokee walikuwa papo hapo? Na Kentucky, ambayo walowezi waliipenda kuiita pori tupu la kuwinda, ilikuwa na mji wa Washawnee ulioitwa Eskippakithiki hadi miaka ya 1750. Boone alijua fika kwamba pale pana watu. Mwaka 1778 Washawnee walimteka, chifu wao Blackfish akamfanya mwanawe, wakampa jina Sheltowee, yaani Kobe Mkubwa. Jamaa aliwahi kuwa na baba Mshawnee, halafu leo tunaambiwa yeye ndiye wa kwanza.

Lakini mimi nataka kumrudia Sam, kwa sababu hapo ndipo madhara bado yanaendelea leo hii.

Mmarekani Mweusi anayetafuta mababu zake hugonga ukuta mwaka 1870. Hiyo ndiyo sensa ya kwanza iliyowaandika kwa majina watu waliotoka utumwani. Kabla yake, mwaka 1850 na 1860, serikali ilikuwa na orodha maalum za watumwa, na humo karibu kila mtu ni umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la mwenye mali. Mwanamke, 34, mweusi. Mvulana, 6, mchotara. Basi.

Ukitaka kuruka ukuta huo unahitaji karatasi za familia iliyowamiliki. Wasia unaosema "Hannah nampa binti yangu, watoto wake nampa mwanangu". Hati ya mauzo. Ukurasa wa Biblia ambapo bwana aliandika lini mtumwa wake alijifungua, maana mtoto yule alikuwa na bei. Nyingi za karatasi hizo zimo mahakamani, lakini nyingine zimo kwenye madroo na masanduku ya vitukuu, watu haohao wanaotafuta vyeti. Wanazisoma. Wanachapisha ekari ngapi, kitanda cha manyoya alirithi nani, farasi alienda kwa nani. Wakifika kwenye Hannah wanaandika "na mali nyingine", au wanaruka kimya kimya. Hao wanaoruka wanafunga mlango ambao ufunguo wake wanao mfukoni.

Na usiniambie walowezi wa kule mipakani walikuwa maskini wasio na watumwa. Wengi hawakuwa nao, kweli. Lakini sensa ya 1790 ilihesabu zaidi ya watumwa 12,000 Kentucky, miaka 15 tu baada ya ile barua. Boone mwenyewe, kufikia 1787, alikuwa na saba.

Utetezi naujua: "Sikumiliki mtu mimi, usinibebeshe dhambi za babu." Sawa, poa. Basi na ujasiri wake pia uuweke chini. Huwezi kurithi bunduki, barabara na ushindi, halafu ikifika zamu ya Hannah useme hayo ni mambo ya zamani.

Kuna Mweusi mmoja wa wakati ule ambaye kila kitabu cha Kentucky kinamtaja: Monk Estill, fundi wa kutengeneza baruti. Mwaka 1782 bwana wake, James Estill, aliuawa vitani na Wawyandot, naye Monk akambeba mzungu aliyejeruhiwa, James Berry, mwendo wa kilomita kama 40 hadi ngomeni. Akapewa uhuru. Stori tamu, na naipenda. Lakini ona kiingilio kilikuwa nini: ilibidi ambebe mtu mgongoni ndipo aandikwe, na hata hapo ameandikwa kwa jina la ukoo la bwana.

Utaniuliza, wewe Mkenya yanakuhusu nini? Muulize Theodore Roosevelt. Kati ya 1889 na 1896 alitoa vitabu vinne vya kuwasifu kina Boone kama watu waliolishinda pori. Mwaka 1909 akashuka Mombasa na bunduki zake, akapanda treni kwenda bara, na walowezi wa huku akawafananisha na wale wa Magharibi ya Marekani. Aliwinda viboko Ziwa Naivasha. Wamaasai walikuwa wamehamishwa kutoka malisho ya Naivasha kwa mkataba wa 1904, miaka mitano tu kabla yake. Stori ya pori tupu na familia za kwanza ilikuja huku ikiwa imeshaandikwa, ikabadilishwa majina ya mito.

Kwa hiyo wewe wa Lexington au Knoxville mwenye wasia wa 1803 kwenye droo, cheti chako sikitaki. Fungua ukurasa ule uliouruka. Upige picha wote, mpaka pembeni alipoandika bei. Kisha weka majina hadharani kama yalivyo, na umri, na nani alipewa nani. Kuna mtu Detroit au Chicago amekwama 1870, na mama wa bibi yake yuko kwenye karatasi yako.