Mwanachama wa Bima ya Afya Azijue Haki Zake

Kadi ya bima ya afya si sadaka, wala si hisani anayotendewa mnyonge na karani aketiye dirishani. Ni mapatano. Mwananchi hutoa mchango wake angali mzima, na Taifa humwahidi ya kuwa siku atakapougua hataachwa peke yake. Mapatano ya namna hiyo yana pande mbili, na kila upande una haki na wajibu wake. Hapa Rwanda tumefaulu sana kuwahimiza watu watoe mchango. Kazi iliyobaki, nayo si ndogo, ni kuwaelimisha juu ya yale wanayostahili kupata baada ya kuutoa.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1996, nchi ikiwa ingali inajijenga upya baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, malipo ya matibabu yalirudishwa katika vituo vya afya. Wengi hawakuwa na fedha, wakabaki majumbani na maradhi yao. Ndipo mwaka 1999 Mutuelle de Santé, au mituweli kama tulivyozoea kuiita, ilipoanzishwa kwa majaribio katika Kabgayi, Kabutare na Byumba. Baadaye ilienea nchi nzima. Watumishi wa serikali walipata RAMA kwa sheria ya mwaka 2001, na askari pamoja na jamaa zao wakapata MMI kwa sheria ya mwaka 2005. Mwaka 2015 uendeshaji wa mituweli ulikabidhiwa Bodi ya Hifadhi ya Jamii, RSSB. Katiba nayo, kama ilivyorekebishwa mwaka huo huo, yatamka katika ibara ya 21 kwamba Wanyarwanda wote wana haki ya afya njema.

Basi mwanachama ana haki gani?

Ya kwanza ni kulipa kile tu kilichowekwa. Kwa miaka mingi mwanachama wa mituweli amekuwa akichangia faranga 200 katika kituo cha afya, na asilimia 10 ya gharama anapofika hospitalini. Kiasi kinachozidi hapo lazima kiwe na maelezo. Mwanachama aulize kinalipiwa nini, na adai stakabadhi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mlalamikaji asiye na karatasi mkononi huonekana mzushi hata kama kila neno lake ni kweli.

Ya pili ni haki ya kupelekwa mbele. Mituweli huanzia kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa. Utaratibu huo haukuwekwa ili kumtesa mgonjwa. Uliwekwa ili hospitali kubwa zisifurike watu wenye mafua. Lakini ugonjwa ukiushinda uwezo wa kituo, mgonjwa anastahili barua ya rufaa bila kuibembeleza. Na jambo la hatari likitokea ghafula, kama vile ajali au mama mjamzito anayevuja damu, hospitali impokee kwanza, karatasi zitafuata. Katika saa hiyo atakayetanguliza kadi kabla ya mtu ameyavunja mapatano.

Ya tatu ni dawa, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Mwanachama huambiwa dawa imekwisha, akapewa kikaratasi akainunue dukani kwa fedha zake. Mara nyingine ni kweli imekwisha. Hata hivyo, kabla hajatoa faranga hata moja, ana haki ya kuuliza mambo mawili: je, dawa hii inalipiwa na bima yangu? Kama inalipiwa, ni wapi pengine nitakapoipata kwa kadi hii? Mama aliyeshuka mlima kwa miguu, mtoto mgongoni, asirudishwe bila kujibiwa maswali hayo. Akiuza kuku wake ili anunue dawa ambayo tayari ameilipia, atakuwa amelipa mara mbili, na mwaka ujao mtendaji wa kijiji atapata taabu kumshawishi atoe mchango tena.

Ya nne ni siri. Sheria ya mwaka 2021 ya kulinda taarifa za watu binafsi inahesabu habari za afya ya mtu miongoni mwa zile zinazostahili ulinzi wa pekee. Ugonjwa wa mwanachama usitangazwe dirishani mbele ya foleni, wala usiwe mazungumzo ya jioni ya makarani.

Ya tano ni kusikilizwa. Aliyedhulumiwa aanze na ofisi ya mituweli iliyopo kituoni na mkuu wa kituo. Asiporidhika, apande wilayani na kwenye RSSB. Tena iko ofisi ya Umuvunyi, ambayo hupokea malalamiko ya wananchi walioonewa. Kulalamika kwa adabu na kwa ushahidi si uasi. Jeshini askari hufundishwa kutii amri, na hufundishwa vilevile njia halali ya kufikisha malalamiko yake kwa mkubwa wake. Nidhamu haipungui kwa jambo hilo, huimarika.

Haki hizi hazitengani na wajibu. Mwaka wa mituweli huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni, na mwenye busara hangoji homa impige ndipo atafute fedha za mchango. Vikundi vya akiba, vile tuviitavyo ibimina, vimezisaidia kaya nyingi kukusanya kidogo kidogo. Aidha, kumwazima jirani kadi ni kuwaibia wanachama wote, kwa maana mfuko ni mmoja.

Kwa upande wa wakuu wa vituo, twaomba jambo jepesi. Bei za huduma zibandikwe ukutani kwa Kinyarwanda chepesi na kwa herufi kubwa, pamoja na jina la ofisi ipokeayo malalamiko. Mwaka 2025 mituweli iliongezewa huduma nzito, zikiwemo upandikizaji wa figo na matibabu ya saratani. Hatua hiyo ni ya kujivunia. Lakini mgonjwa wa figo aliyeko kijijini atanufaika nayo iwapo tu mtu amemwambia kwamba ipo. Viongozi wa vijiji na washauri wa afya, ambao huingia kila nyumba, waibebe habari hiyo kwa juhudi ile ile wanayoitumia kukumbusha michango.

Ndugu wananchi, mmekwisha kulipa. Izungumzieni kadi hiyo nyumbani, mjue inawapa nini, na mkifika dirishani ulizeni bila woga. Nawe uliye ndani ya dirisha, jibu. Wajibu wako ndio huo.